Beta wangu wa mapezi mafupi ana hasira na anaruka nje ya maji. Anaumwa?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Niko Arusha. Mwezi uliopita nilinunua Dar samaki aina ya beta mwenye mapezi mafupi, mweupe mwenye mabaka mekundu na meusi. Muuzaji aliniambia ni jike, ndiyo maana mapezi yake ni mafupi, na kwamba hawa wafupi ni wapole, naweza kuwachanganya na samaki wadogo wa mapambo aina ya guppi. Nikamweka kwenye tangi langu la lita 60. Siku ya pili guppi wawili hawakuwa na mikia. Nikamhamishia kwenye bakuli la kioo la lita 5. Sasa anatunisha mashavu siku nzima akitazama kioo, wiki iliyopita nilimkuta sakafuni akiwa bado hai, na mabaka meusi yanazidi kuongezeka. Anaumwa? Hizi hasira ni za nini? Au nimrudishe nichukue wa mapezi marefu?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kwa maelezo yako, samaki huyo haumwi. Ni dume, tena dume mwenye afya, na karibu kila unalomlalamikia ndilo aliloumbwa kulifanya. Kinachonitia wasiwasi hapo ni lile bakuli, hasa kwa baridi ya huko kwenu, na nitalifikia.

Kwanza tumalize la jike na dume. Beta wote wa kike wana mapezi mafupi, kwa hiyo muuzaji asiye na uzoefu akiona mapezi mafupi anamaliza maneno: jike. Lakini kuna ukoo mzima ambao madume yake yana mapezi mafupi. Wafugaji tunawaita plakati, jina lililokuja nao kutoka Thailand. Mtazame wako wakati anatunisha mashavu. Vifuniko vya matamvua vinafunguka kuelekea mbele, na chini yake inachomoza ngozi nyembamba, mara nyingi nyeusi au nyekundu iliyokolea, inayozunguka koo lote. Kwa dume ngozi hiyo ni pana, na hata akitulia utaona ukingo wake umechungulia. Jike anayo pia, ila ni ndogo na akitulia inapotea kabisa. Kisha angalia yale mapezi mawili membamba yanayoning'inia chini ya kifua. Ya dume ni marefu na manene. Ya jike ni mafupi na laini, na nyuma yake, tumboni, kuna kidoa cheupe kama punje ya chumvi ambapo mayai hutokea. Mwisho tazama pezi refu la chini linaloelekea mkiani. Kwa dume wa plakati huwa limechongoka upande wa nyuma. Samaki anayeshinda akitunisha mashavu kama ulivyosema, mimi sihitaji hata picha.

Sasa la upole. Sijui lilianzia wapi, lakini nalisikia sana: wa mapezi marefu ndiye mpiganaji, huyu mfupi ni wa kawaida tu. Ukweli ni kinyume chake. Beta wa dukani, Betta splendens kwa jina la kitaalamu, asili yake ni Thailand, kwenye mashamba ya mpunga, mitaro na vinamasi vya nyanda za kati, bonde la mto Chao Phraya. Yule wa porini ni mdogo, rangi yake ya udongo ina mng'ao wa kijani na wekundu kidogo, na mapezi yake ni mafupi. Yale mapezi marefu yanayoburuzika yalitengenezwa na wafugaji baadaye, kwa ajili ya macho ya watu. Wathai wenyewe walimfuga huyu wa mapezi mafupi kwa karne nyingi kwa kazi moja, kupiganishwa, watu wakiweka dau. Utafiti wa jenomu, yaani vinasaba vyote vya samaki huyu, uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba ufugaji huo una umri wa miaka isiyopungua 1,000. Wazungu wamemfahamu juzi tu. Daktari Theodore Cantor alimwandika mwaka 1849 kutokana na samaki waliotoka kwa mfalme wa Siam, akakosea jina, hadi Charles Tate Regan alipompa hili analolitumia leo mwaka 1910. Mwaka 2019 serikali ya Thailand ikamtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa.

Fikiria mfugaji wa aina hiyo alikuwa akichagua nini kila kizazi. Porini, madume wawili wakikutana wanatunishiana, wanang'atana mara chache, na anayeona mambo magumu anakimbilia kwenye majani. Dakika chache yamekwisha. Kwenye chupa ya kupiganishia hakuna pa kukimbilia, na aliyekata tamaa mapema hakuachwa azae. Wakabaki wenye ngozi ngumu, taya nzito na pumzi ya kupigana saa nzima. Wakipigana huwa wanashikana midomo, wanazama pamoja, wanaachiana, kila mmoja anapanda juu kuvuta hewa, wanarudi. Utafiti mmoja wa mwaka 2020 ulikuta kwamba wawili waliopigana kwa muda mrefu huanza kulingana mpaka katika utendaji wa jeni za ubongo. Huyo wako wa mabaka amezalishwa kwa ajili ya rangi, si kwa dau, kwa hiyo si mkali kama wale wa mapiganoni. Lakini damu ni hiyo hiyo.

Kuna jambo la pili ambalo watu hawalihesabu, nalo ni mwendo. Beta wa mapezi marefu anaweza kuwa na moyo mkali vilevile, ila amevaa kanzu iliyolowa. Akimfukuza guppi hatua tatu anachoka, anakwenda kulala juu ya jani. Plakati hana mzigo huo. Anageuka papo hapo, anapita tangi zima kwa mpigo mmoja wa mkia, na akimtaka guppi anampata. Ndiyo maana mwenye beta mrefu atakuapia kuwa wake anaishi na guppi bila tatizo. Naye guppi dume ana mkia mpana wa rangi kali unaopepea. Beta akiuona anadhani ni dume mwenzake anamchokoza. Hao wawili wako hawakuonewa kwa chuki, walifananishwa.

Nisimsingizie kila plakati, hata hivyo. Tabia za hawa samaki hutofautiana mmoja mmoja kuliko samaki wengi wa mapambo. Ndugu wa uzazi mmoja, waliokula chakula kimoja, utakuta huyu anatunishia mashavu hata kidole chako na kijiko cha chakula, na yule akiona kivuli anajificha nyuma ya chujio. Wapo plakati wanaoishi na konokono mwaka mzima bila kumgusa, na wapo wanaong'oa pembe za konokono moja baada ya nyingine. Utamjua wako kwa kumtazama, si kwa maneno ya muuzaji wala yangu.

Tuje kwenye kutunisha mashavu siku nzima. Kutunisha kwenyewe si ubaya. Dakika 3 au 4 akijionyesha, mapezi yote yamesimama, mwili umejipinda, rangi imekolea, hayo ni mazoezi, na wafugaji wengi huwawekea kioo kidogo mara moja moja kwa makusudi kisha wakakiondoa. Shida ni kutwa. Samaki anayepigana na adui asiyekimbia anachoka, anaacha kula vizuri na kinga ya mwili inashuka. Adui wake ni yeye mwenyewe. Bakuli la mviringo, maji yakiwa angavu na chumba kikiwa na giza kidogo, linamrudishia sura yake kila upande. Fanya jaribio jioni: washa taa ya chumba uzime ya samaki, halafu fanya kinyume chake, uone ni lini anatunisha zaidi. Dawa yake ni rahisi. Bandika karatasi ya rangi tulivu nyuma na ubavuni mwa tangi kwa nje, jaza mimea, punguza mwanga wa taa yake, na upande mmoja tu uache wazi kwa ajili yako.

Na kuruka? Hilo nalo ni la ukoo. Kwa asili huyu ni mla wadudu, na wadudu anawapata juu ya maji au wanaopita karibu nayo. Plakati mwenye misuli anaweza kupita kwenye mwanya ambao ungeapa hapiti. Anaruka zaidi maji yakiwa mabaya, yakiwa ya baridi, au akiwa mgeni kwenye chombo. Wako alikuwa na sababu zote tatu. Kilichomwokoa sakafuni ni kiungo alicho nacho juu ya matamvua, chenye mikunjo mingi, kinachomwezesha kuvuta hewa ya kawaida kama mimi na wewe. Kwa hiyo beta akikutwa chini usiharakishe kumtupa. Lowesha mikono, mrudishe kwenye maji yenye joto lilelile alilozoea, zima taa, usimlishe siku hiyo, mwangalie kesho. Halafu funika tangi. Kioo, wavu mgumu, hata plastiki ngumu yenye matundu inatosha, mradi tundu la waya wa hita na la bomba la hewa yasiwe mapana kuliko kichwa chake.

Kiungo hicho kinaleta sharti lingine. Beta lazima apande juu kuvuta hewa. Akizuiwa anakufa hata kama maji yana oksijeni ya kutosha. Kwa hiyo acha nafasi ya vidole vitatu kati ya maji na kifuniko, na usiruhusu mimea inayoelea izibe uso wote wa maji. Kifuniko pia kinaifanya hewa ya juu iwe ya uvuguvugu. Kuvuta hewa ya baridi kali kutoka chumbani huku mwili uko kwenye maji ya uvuguvugu kunamsumbua.

Nimefika kwenye bakuli. Watu husema beta anaishi kwenye nyayo za ng'ombe huko kwao, kwa hiyo lita 5 ni anasa. Shamba la mpunga halina kina kirefu, kweli, lakini ni pana mpaka macho yanachoka, na lina majani na udongo wa kusafisha uchafu. Kumudu kuvuta hewa kunamfanya avumilie maji mabaya muda mrefu kuliko samaki wengine. Kuvumilia huko ndiko kunakowaponza, maana mwenye samaki anaona yu hai, anaridhika. Amonia haipungui kwa sababu samaki anavuta hewa ya juu. Inaunguza matamvua na ngozi vilevile.

Plakati mmoja mpe lita 20 kama kiwango cha chini, na ukiweza 30 atakuonyesha mambo. Chagua tangi refu kwa upana kuliko kimo, kwa sababu huyu ni mwogeleaji na kila baada ya muda mfupi anapanda juu. Weka chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ndogo ya hewa. Linatosha kabisa, halimvuti, na mkondo wake ni mpole. Tena hapa mapezi mafupi yana faida: mkondo ambao ungemchosha beta mrefu, huyu anauchezea. Ndani weka mimea ya majani mapana. Anubiasi ni mzuri, unafungwa tu kwenye jiwe au gogo, hautaki udongo wala mwanga mwingi, na kwao ni Afrika hii hii. Hakikisha jani moja liko karibu na uso wa maji, kwa sababu atalala juu yake. Usiku ukimkuta amelala ubavu juu ya jani kama maiti, usipige kelele.

Joto. Beta anataka nyuzi 25 hadi 28, na nitakuambia 26 ndiyo ulenge. Dar mtu anaweza kuishi bila hita karibu mwaka mzima. Arusha hapana, na Juni na Julai ndiyo kabisa. Maji ya bakuli dogo yanafuata joto la chumba: mchana yamepanda, alfajiri yameshuka, na kupanda na kushuka huko kila siku kunamchosha zaidi hata kuliko baridi yenyewe. Beta wa kwenye baridi anapoa tabia, anakaa chini, hali, chakula hakisagiki, kisha fangasi na bakteria wanamvaa. Nunua hita yenye kujizima yenyewe. Kwa lita 20 hadi 30 na vyumba vya kwenu chukua ya wati 50. Weka kipimajoto upande wa mbali na hita, usiamini namba zilizoandikwa kwenye hita. Umeme ukikatika usiku, funika tangi kwa blanketi pande zote isipokuwa sehemu ya hewa juu, na ukiona joto linashuka sana weka ndani chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri ielee, ukiibadilisha kila inapopoa. Usimlishe mpaka joto lirudi.

Maji yenyewe sasa. Tangi jipya halina bakteria wa kula uchafu. Kinyesi na mabaki ya chakula vinageuka amonia, na inachukua kama wiki 4 hadi 6 mpaka bakteria waote kwenye sponji, kundi moja likigeuza amonia kuwa nitraiti, kundi jingine likigeuza nitraiti kuwa nitreti ambayo haina madhara makubwa. Wewe una bahati, kuna njia ya mkato. Tangi lako la guppi limeshakomaa. Chukua kipande cha sponji ya chujio lake, au tia sponji mpya humo ikae wiki 3, kisha ihamishie kwa beta ikiwa imelowa. Usiioshe kwa maji ya bomba, klorini itaua ulichokifuata. Isuuze kwenye maji uliyoyatoa tangini.

Badilisha robo ya maji kila wiki, na katika wiki za mwanzo kila baada ya siku 2 au 3. Maji ya bomba yaache kwenye ndoo pana iliyo wazi saa 24, klorini itoke, au tumia dawa ya kuondoa klorini. Dawa ni bora, kwa sababu kama maji yametibiwa kwa kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, hayo masaa 24 hayatasaidia. Kabla ya kumimina yafanye yalingane na joto la tangini. Kwa Arusha kuna jambo la ziada. Maji mengi ya pembezoni mwa Mlima Meru yana alikali, na amonia ileile kiasi kilekile ni sumu zaidi kwenye maji ya alikali kuliko kwenye maji yenye asidi kidogo. Beta mwenyewe anazoea pH (kipimo cha asidi na alikali) mpaka 7.5, hata zaidi kidogo, akizoeshwa taratibu. Kwa hiyo usihangaike na vichupa vya kushusha pH, vinapandisha na kushusha tu. Shughulika na usafi.

Utasikia pia habari za majani yanayouzwa kwenye intaneti kwa bei ya kushangaza, ya kutia kwenye tangi la beta. Ni majani ya mkungu. Mkungu huu huu wa Dar, Tanga na Mombasa ambao watoto wanapasua kungu zake kwa mawe. Ukishuka pwani, okota majani makavu ya kahawia yaliyoanguka yenyewe, mbali na barabara na mahali palipopulizwa dawa. Yaoshe, yaanike, na tia nusu jani kwa lita 20. Maji yatakuwa na rangi ya chai hafifu. Tanini zake, yaani kemikali zinazoleta rangi hiyo, zinazuia kidogo fangasi na bakteria, na maji yenye rangi yanapunguza kile kioo anachojitazamia. Usitegemee yashushe pH ya maji yenye alikali nyingi, hayatafua dafu. Jani likianza kuoza na kuwa nyavunyavu, toa uweke jingine. Jani bichi usitie.

Chakula nitakipitia haraka. Tumbo la beta ni dogo kama jicho lake. Punje 3 au 4 za chakula cha beta asubuhi, na jioni hivyo hivyo. Siku moja kwa wiki asile. Kisiwe chakula cha guppi, maana kile kina majani mengi na huyu ni mla nyama. Mkate, ugali, wali, sahau. Viluwiluwi vya mbu anavipenda kuliko vyote, na plakati akiwinda viluwiluwi ndiyo utajua umenunua nini: anasimama, analenga kwa macho yote mawili, anajipinda kidogo, kisha huoni kitu, kiluwiluwi hakipo. Lakini usivichote kwenye mitaro wala matairi ya zamani. Weka ndoo ya maji safi nje, uvichote kwa chujio la chai kila baada ya siku 2 au 3, na mwaga kilichobaki kwenye mchanga mkavu kabla ya wiki kwisha. Ukisahau, utakuwa unafuga mbu wa jirani.

Kuhusu mabaka meusi. Rangi hiyo uliyoieleza, nyeupe, nyekundu na nyeusi, wauzaji wanaiita koi. Inatokana na jeni inayoitwa ya marumaru, na jeni hiyo haitulii. Kuna kipande cha vinasaba kinachohama mahali na mahali ndani ya seli, kikizima rangi hapa na kuiwasha pale. Kwa hiyo samaki uliyemnunua mweupe anaweza baada ya miezi sita kuwa nusu mweusi, kisha weusi ukarudi nyuma. Wapo wanaolia wakidhani wamebadilishiwa samaki. Kama anakula, anaogelea na mapezi yamefunguka, mfurahie tu, na piga picha kila mwezi.

Ugonjwa una sura nyingine. Mapezi yamebana mwilini muda wote. Anajisugua kwenye mawe. Madoa meupe kama chumvi yaliyosambaa. Unga wa dhahabu ukimmulika kwa tochi ya simu kwenye giza. Huo ni ugonjwa wa velveti, unaua haraka, usiusubiri. Ukingo wa pezi unaoliwa na kuacha weusi au wekundu. Magamba yaliyosimama mwili mzima na tumbo limejaa, hiyo huwa ni figo zimeshindwa na wachache wanapona. Ukiona mojawapo niandikie na picha, pamoja na joto la maji na lini ulibadilisha maji mara ya mwisho. Hayo mawili ya mwisho hunisaidia kuliko picha.

Wenzake wa kukaa nao: usimwekee beta mwingine yeyote, dume wala jike. Kuzalisha ni kazi nyingine, inataka tangi lake, dume aliyejenga kiota cha povu, jike aliyejaa mayai, na wewe kusimama hapo umwondoe jike mara wakimaliza. Kwa sasa, kama unataka kiumbe mwingine humo, jaribu konokono mmoja na uangalie pembe zake wiki ya kwanza.

Umrudishe? Kama uliyemtaka ni samaki wa kupendezesha tangi la guppi, basi ndiyo, mpe mtu anayetaka beta, na usichukue wa mapezi marefu badala yake, kwa sababu naye ni beta. Atachelewa tu kuwafikia. Ila kama una nafasi ya tangi la pili la lita 20, mimi ningebaki naye. Mfupi ana raha nyingi za kumfuga. Mapezi hayachaniki ovyo wala hayaozi kirahisi, na hana ile tabia ya kujing'ata mkia inayowasumbua wengi wa mapezi marefu. Anaogelea mchana kutwa, na ndani ya wiki chache atakujua, atakuja mbele ya kioo ukikaribia. Akitunzwa anaishi miaka 3, wengine 4, tena wengi huuzwa wakiwa na miezi kadhaa tayari.

Wakati unatafuta tangi, lile bakuli liweke mahali pasipo na jua wala upepo, lifunike, na badilisha nusu ya maji kila siku kwa maji ya joto lilelile. Au gawanya tangi la lita 60 kwa kizuizi kisichopenyeka macho, kilichofika mpaka kwenye kifuniko, guppi upande mmoja na yeye upande mwingine. Wavu unaoonyesha utamtesa, atashinda hapo akitunisha. Guppi waliopoteza mikia usiwahesabu wamekwisha. Kama shina la mkia halikuliwa, pezi litaota tena ndani ya wiki kadhaa. Badilisha robo ya maji yao kila baada ya siku 2 au 3, na usitie dawa yoyote mpaka uone utando mweupe kama pamba kwenye kidonda.